Chini ya ngazi pasikae bure: stoo ya bei chee ndani ya nyumba, kwa sisi wa Dodoma

Wadau, tangu serikali itangaze kuhamia huku 2016 maghorofa ya familia yameota kama uyoga, pita Ilazo, Iyumbu, Kisasa, Njedengwa, kote huko yapo, na ukiingia ndani karibu kila nyumba chini ya ngazi kuna vitu vilevile: ndoo zilizopasuka, fagio, baiskeli ya mtoto haina mnyororo, madumu ya maji, na lile boksi la TV ambalo hakuna anayethubutu kulitupa. Mimi ni seremala. Wateja wananitumia picha za Pinterest, droo nyeupe zinazoteleza zenyewe na taa zinawaka ndani, alafu wakisikia bei simu inakata mtandao ghafla. Sasa ni hivi, stoo nzuri chini ya ngazi inawezekana kwa hela ya kawaida kabisa, ukiwa na kijana mmoja wa kukushikia mbao unaijenga mwenyewe, na kama utaita fundi basi angalau ujue umwambie nini asije akakuuzia mbao za nyumba nzima.

Kitu kimoja kwanza. Chini ya ngazi pana kina kirefu kwenda ndani, mara nyingi sentimita 90 mpaka 120 kulingana na upana wa ngazi yenyewe, na mkono wa mtu ukiinama unafika kama sentimita 60 hivi. Chochote kilichopita hapo kimeshapotea, utakikuta siku ya kuhama. Kwahiyo kanuni yangu ni moja tu: wewe usiingie, vitu ndo vitoke. Hiyo ndo itakayoamua kila tunachojenga huko mbele.

HATUA YA 1: Toa kila kitu, alafu paangalie kama daktari

Toa makorokoro yote, fagia, washa tochi, piga magoti. Unatafuta vitu vinne.

Cha kwanza mchwa. Huyu Dodoma ndo mwenye nyumba, sisi wengine wapangaji. Anatoka kwenye udongo na kupanda kupitia nyufa za sakafu, hasa pale sakafu inapokutana na ukuta, na anajenga njia yake ya udongo nyembamba kama penseli ikipanda ukutani. Ukiiona ibomoe kidogo urudi kesho yake, ukikuta imezibwa upya basi wamo na wanafanya kazi. Ukikuta iko kavu na haijazibwa, inawezekana walishahama, ila dawa weka tu.

Cha pili unyevu. Nyumba nyingi choo cha wageni kiko upande wa pili wa huo ukuta wa chini ya ngazi, na bomba likivuja kidogo kidogo huwezi kuona mpaka rangi ianze kubanduka au ukuta utoe ile chumvi nyeupe ya unga unga. Kupima ni rahisi: kata kipande cha nailoni ukubwa wa gazeti, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne kiwe kimeziba kabisa, kiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa ndani, ukuta unatoa maji, muite fundi bomba kabla hujanunua hata msumari. Mvua zetu karibu zote zinanyesha kati ya Desemba na Aprili, kwahiyo ukipima Agosti ukakuta pakavu usijisifu sana, uliza watu wa nyumbani kama masika palikuwaje.

Cha tatu umeme. Kuna nyumba meni switchi au ile mita ya LUKU imewekwa hapo hapo chini ya ngazi. Kama ndo hivo, hapo mbele pasijengwe kitu cha kudumu, mtu awe anafika kwa hatua moja hata gizani. Na waya zilizopita ndani ya ukuta mara nyingi zinashuka au kupanda wima kutoka kwenye switchi au soketi, kwahiyo juu na chini ya switchi usitoboe.

Cha nne nyufa na matundu kwa ajili ya nge na panya. Wa mjini mnacheka ila nge wa huku anapenda sana kona yenye giza na viatu vya zamani. Ziba kwa saruji na mchanga, yale matundu ya mabomba yazibe na kipande cha wavu wa chuma ndani yake maana panya anatafuna povu la kuzibia matundu na anatafuna plastiki.

HATUA YA 2: Kupima, na hapa ndo usiwe na haraka

Ngazi nyingi za nyumbani kila kipandio kina kimo cha kama sentimita 17 na pa kukanyagia kama sentimita 28. Maana yake kwa chini kila ukitembea sentimita 10 kutoka kwenye kona kali, dari linapanda kama sentimita 6. Ukienda mita 1 una kimo cha sentimita 60, ukienda mita 2 una mita 1.20, hivo hivo. Vipandio kumi vinakupa urefu wa mita 2.80 sakafuni na mita 1.70 kwa juu, ila ukitoa unene wa zege lenyewe kimo unachokipata kweli upande mrefu ni kama mita moja na nusu. Sio haba. Ni nafasi ya kabati la nguo na zaidi na ulikuwa unaipa ndoo iliyopasuka.

Ila hizo ni hesabu za mezani, ngazi yako ipime yenyewe, mafundi wetu tunajuana. Pima kimo kila baada ya sentimita 30, pima mbele na pima nyuma kabisa ukutani, maana plasta ya chini ya ngazi ndo huwa inapigwa mwisho jioni watu wamechoka na inakuwa na matumbo. Andika namba ndogo kuliko zote, hiyo ndo unaifanyia kazi.

Mteremko usiupime kwa nyuzi. Tafuta boksi kubwa, la friji au la TV (haya, lile boksi leo limepata kazi), lifungue liwe bapa, lisimamishe chini ya ngazi, kata kidogo kidogo kwa wembe mpaka lilale sawasawa na zege. Hilo ndo patani lako. Kila mlango na kila fronti ya droo utachorea hapo, na ukienda kukatisha bodi unaenda nalo. Fundi anayekwambia hahitaji patani anakadiria kwa macho ni fundi maiko, mpe chai aende.

Sakafu nayo icheki na pimamaji. Huna pimamaji, tumia mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani kama wanavyofanya mafundi wa msingi: jaza maji, toa mapovu yote, ncha moja kona hii nyingine kona ile, maji yanasimama usawa mmoja hata kama sakafu inadanganya.

HATUA YA 3: Amua nini kinakaa humo kabla hujaamua mbao

Gesi hapana. Namwandikia hasa mama mwenye nyumba anayetaka mtungi wa akiba ukae humo usionekane na wageni. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka chini na kujikusanya kwenye kona iliyofungwa, na hiyo kona ikiwa chini ya ngazi ndo njia yenyewe ya watu wa juu kukimbilia nje. Petroli ya jenereta, mafuta ya taa, thina, makopo ya rangi ya mafuta yaliyobaki, navyo hapana, vikae nje kwenye kibanda.

Madumu ya maji ndiyo, maana hapa mjini maji ya mgao tumeyazoea, ila yakae sakafuni. Dumu la lita 20 ni kilo 20, manne ni kilo 80, hicho sio kitu cha kupandisha kwenye shelfu ya plaiwudi.

Mahindi? Watu wengi wana shamba Kongwa, Chamwino au Bahi na gunia mbili tatu lazima zilale ndani. Zinakaa ila kwa masharti. Yawe yamekauka vizuri, unyevu chini ya asilimia 13.5 hivi, ukiyang'ata yalie kach. Yakae juu ya chaga, yasiguse ukuta, na ukiweza tumia ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Mie kama seremala nina sababu yangu nyingine: dumuzi, yule mdudu wanayemwita skania, hali mahindi tu, anatoboa na mbao. Mahindi yakiisha anaweza kujificha kwenye mbao zako akisubiri msimu ujao. Kwahiyo kama mahindi yanakaa humo, eneo lake liwe la chuma au liwe tupu bila shelfu za mbao.

Vingine vyote viatu, mabegi, pasi na meza yake, fagio, vyombo vya shughuli, mapazia ya akiba, madaftari ya watoto, karibuni ndani.

Sasa gawa eneo lako kutokana na kimo. Ile kona kali, sentimita 40 mpaka 50 za mwanzo, achana nayo, izibe na kipande cha bodi, kupigania pale ni kupoteza hela. Inayofuata, yenye kimo cha sentimita 30 mpaka 80, hapo ndo pa toroli za kuvuta. Baada ya hapo shelfu. Upande mrefu kabisa mwisho, acha wazi kwa vitu virefu na madumu.

HATUA YA 4: Kwenda kununua

Mbao nyingi za bei ya chini tunazopata huku ni paina kutoka Mufindi. Ni nzuri, ila kuna kitu cha huku kwetu. Zinakuja mbichi kutoka kwenye baridi, zikifika Dodoma kwenye ukavu huu na upepo wa kiangazi zinakunywa jua na kuanza kujikunja, ukizipigilia zikiwa mbichi mlango uliokuwa umenyooka Jumatatu unakuwa mgongo wa ngamia wiki ya pili. Ukiwa pale kwenye ghala inua mbao, ikiwa nzito kuliko mwenzake wa saizi ileile bado ina maji. Ichungulie kwa jicho moja kutoka ncha mpaka ncha kama unalenga bunduki, utaona kama imepinda. Macho ya mbao makubwa yaliyolegea kataa. Ukishafika nazo nyumbani zipange kivulini, katikati ya kila mbao na mbao weka vibanzi hewa ipite, juu weka mzigo, ziache wiki mbili tatu. Watu hawataki kusikia hii lakini ndo tofauti ya kazi na kazi.

Uliza na mbao zilizotiwa dawa, za rangi ya kijani kijani zile. Zinazidi bei kidogo, ila huhitaji nyingi, nunua za dawa kwa ajili ya zile zinazokaribia sakafu tu, za juu chukua za kawaida.

Kwenye bodi, kuna plaiwudi, MDF na chipubodi. MDF inapendeza ikipakwa rangi, laini kama kioo, na wateja ndo wanayoitaka. Ila sisi tunadeki. Kila asubuhi nyumba inadekiwa, maji yanafika kwenye miguu ya kabati, MDF inavimba kama mkate kwenye chai na ikishavimba hairudi. Kama unaitaka iweke kwenye milango na iwe juu ya sakafu sentimita 5 au zaidi. Shelfu na toroli tumia plaiwudi.

Bodi nzima ni futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244 kwa 122. Hapa kuna ujanja wa kuokoa hela: shelfu zako zipe kina cha sentimita 40. Upande wa sentimita 122 unakupa vipande vitatu vya 40 na msumeno unakula kile kilichobaki, hakuna kinachotupwa. Ukisema nataka kina cha 45, unapata viwili tu na kipande cha 30 ambacho kitazunguka nyumbani mwaka mzima. Na pale pale dukani wengi wana mashine ya kukatia, nenda na karatasi yenye vipimo vyote wakukatie, mstari wa mashine na mstari wa msumeno wa mkono havifanani.

Unene: milimita 18 kwa shelfu zinazobeba, milimita 9 kwa migongo na sakafu za toroli ndogo. Plaiwudi ya 18 isiachwe bila mguu zaidi ya sentimita 80, itakuwa na tumbo. Chipubodi usizidishe 60.

Kwa wanaotaka bei ya chini kabisa, mapaleti. Yatafute kwa wenye maghala na maduka ya vifaa vya ujenzi, yakitolewa misumari na kupigwa randa yanatoa chaga na shelfu safi tu. Yanuse kwanza. Lenye harufu ya dawa au lililomwagikiwa mafuta liache, huwezi kujua lilibeba nini. Na madumu matupu ya mafuta ya kula ya lita 20: yalaze, kata ubavu wa juu, ule mshikio ubaki mbele, osha kwa maji ya moto na sabuni, ni droo tayari. Shelfu yenye droo nne za dumu haitakaa Pinterest ila inabeba viatu vya familia nzima.

HATUA YA 5: Mchwa kwanza, mbao baadae

Ziba nyufa zote, pale sakafu na ukuta vinapokutana chonga kidogo upake saruji nzito. Alafu dawa ya mchwa kutoka duka la pembejeo au la vifaa vya ujenzi, changanya kama karatasi yake inavyosema usizidishe kwa hasira, vaa glovu na barakoa, watoto na chakula viwe mbali, piga kwenye kona zote na siku hiyo milango iwe wazi. Oili chafu najua wazee wetu wanaitumia kwenye nguzo za uzio na inasaidia, ila ndani ya nyumba inanuka miezi na inashika moto, iache huko huko nje.

Alafu miguu. Hii naipenda sana. Mbao isiguse sakafu hata kidogo. Chukua kipande cha bomba la plastiki la inchi 2 lililobaki kwenye ujenzi, kata vipande vya sentimita 8, visimamishe juu ya nailoni, jaza zege laini (saruji 1, mchanga 2, kokoto ndogo 3), na kabla halijakauka chomeka boliti ya inchi 4 kichwa kikiwa chini ndani ya zege na meno yakitokeza juu, nyoosha iwe wima kabisa. Vimwagie maji asubuhi na jioni wiki nzima. Baada ya hapo unatoboa fremu yako, unaipachika juu ya hizo boliti na kukaza nati. Una miguu isiyooza, inayodekiwa bila wasiwasi, na mchwa akitaka kupanda itabidi ajenge njia yake hadharani kwenye bomba, utamuona na utamfuta na kitambaa. Ile nafasi ya sentimita 8 iliyobaki kwa chini usiizibe, fagio lipite.

HATUA YA 6: Fremu

Mbao za 2 kwa 2 zinatosha. Fremu ni ya sehemu ya shelfu, toroli zinatembea zenyewe sakafuni. Ijenge nje kwanza, sebuleni au uani, kama mlango wa pembetatu uliokatwa kichwa: mguu mfupi, mguu mrefu, wa chini na wa mteremko, alafu nyingine kama hiyo ya nyuma, unaziunganisha kwa vipande vya kina. Ujenge ndogo kuliko nafasi kwa sentimita 2 kila upande, ukiibana sana haiingii na ukiilazimisha inabandua plasta. Ungio lolote weka gundi ya mbao na skrubu, misumari peke yake inalegea watoto wakianza kuvuta milango.

Ukitaka kuishikiza, ishikize kwenye ukuta wa pembeni. Kwenye zege la ngazi lenyewe usitoboe toboe, nondo hazikai mbali na uso wa zege, na kupiga kipande cha nondo kwa drili kunaua biti na hakuna faida. Ukutani biti ya zege ya milimita 8, kile kiplastiki cha kushikia skrubu cha saizi hiyohiyo, skrubu ndefu ya kutosha kupita mbao na ile nafasi na kuingia ukutani vizuri, sehemu nne zinatosha.

Mwenye uwezo kidogo na fundi wa kuchomelea karibu, fremu ya skwea paipu ya inchi 1 inamaliza habari ya mchwa moja kwa moja. Ikipigwa rangi ya kuzuia kutu inakaa miaka. Piga hesabu ya zote mbili kabla hujaamua, maana mara nyingine mbao ya dawa na chuma bei zinapishana kidogo tu.

HATUA YA 7: Toroli, moyo wa kazi yote

Toroli ni boksi tu refu lenye magurudumu manne, urefu wake ni kina cha ngazi yako toa sentimita 5, upana sentimita 35 mpaka 40. Magurudumu yawe ya kwenda mbele na nyuma tu, yasiyozunguka. Kila mtu ananunua yale ya kuzunguka kama ya kiti cha ofisi, alafu toroli linaingia kwa ubavu na kukwama ndani, unalivuta huku unalaani fundi. Kama sakafu ni taili chukua ya raba, ya chuma yanakwaruza.

Boksi lenyewe lijenge la pembe nne la kawaida, kimo chake pamoja na magurudumu kifuate ule upande mfupi wa sehemu yake ukitoa sentimita 3. Mteremko usiuchonge kwenye boksi, ni kazi ya bure. Ile bodi ya mbele tu ndo unaikata kwa patani ya boksi la friji ilale na mteremko wa ngazi, unaipiga skrubu kutokea ndani, ukisukuma toroli ndani uso wote unaonekana umeziba pembetatu vizuri. Mshikio, toboa tundu refu la vidole vinne au funga kipande cha kamba ya katani, hela ya vishikio vya dukani kanunulie bawaba nzuri.

Ndani ya toroli vitu vipange vimesimama kama vitabu, visilaliane.

HATUA YA 8: Shelfu

Hapa haraka haraka. Shelfu za kina cha sentimita 40 zikae mbele, nyuma yake inabaki nafasi ya nusu mita au zaidi, hiyo ndo pa vile vitu vya mara moja kwa mwaka kama sufuria za shughuli na mti wa Krismasi, unavifikia kwa kupitia upande mrefu ulioachwa wazi, hapo tu ndo kanuni yangu inalegea. Usipige shelfu mpaka ukutani nyuma, rudi usome ile kanuni. Kimo kati ya shelfu na shelfu usikikadirie, pima kitu chako kirefu zaidi uongeze sentimita 4.

HATUA YA 9: Pazia au mlango?

Pazia la kitenge kwenye waya ni bei ya chini kuliko vyote na kwa mpangaji nalipendekeza. Ila kwa nyumba yako, huku kwetu, mimi nasema mlango. Kuanzia Juni mpaka Oktoba upepo wa Dodoma unaingiza vumbi mpaka ndani ya friji, pazia linalichuja kidogo na lenyewe linageuka kuwa ghala la vumbi.

Mlango wenye kichwa cha mteremko bawaba zikae upande mrefu. Ukizifunga upande mfupi, ule mrefu mzito unaning'inia hewani na mwaka hauishi mlango unakwaruza chini. Mlango wa mita moja bawaba mbili, ukikaribia mita moja na nusu weka tatu. Acha nafasi ya milimita 3 kuzunguka, sarafu ikae kati ya mlango na fremu wakati wa kufunga skrubu ndo kipimo chako. Kidude cha sumaku kinatosha kuufunga, ila kama kuna mtoto mdogo nyumbani weka komeo kwa juu, kwa sababu mtoto akicheza kujificha humo ndo kwanza atapaona.

Na hewa. Stoo ikizibwa kabisa inanuka viatu. Toboa matundu kadhaa juu ya mlango na kadhaa chini, kwa ndani bandika neti ya mbu kwa gundi, hewa inazunguka, wadudu hawaingii.

HATUA YA 10: Umaliziaji

Msasa kwanza wa kukwaruza alafu laini. Matundu ya skrubu yazibe kwa unga wa mbao uliochanganya na gundi, bei yake sifuri. Rangi ya mafuta mikono miwili kwa nje, na usisahau kingo za bodi zilizokatwa maana hapo ndo maji yanapoingilia, hizo zipe mikono mitatu. Ndani paka nyeupe hata kama nje ni kahawia, utaona vitu bila tochi. Taa, zile bulbu ndogo za kuchaji zinazowaka mtu akisogea zinabandikwa tu. Kuvuta waya mpya muachie fundi umeme.

Kwa mliopanga: msitoboe chochote kabla ya kuongea na mwenye nyumba, hata akiwa mpole. Toroli, paleti la madumu na shelfu inayosimama yenyewe kwa miguu ya zege vinahama na nyie. Fremu gawa vipande viwili unavyokaza kwa boliti badala ya gundi, ipite mlangoni na ikae kwenye Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, bila kukatwa.

Ngazi za chuma zile za wazi kati ya kipandio na kipandio, kabla ya yote funga bodi nyembamba kwa chini yake, vinginevyo kila anayepanda anakumwagia mchanga wa viatu kwenye mapazia yako ya akiba. Na ngazi za nje zinazopanda kwenye simtenki sahau habari za mbao, chuma na bati tu, jua la huku na mvua ya Januari havitaki mjadala.

Ikifika Mei, mvua zikishakata, vuta toroli zote nje, mulika miguu ile ya zege na kona za ukuta, ukiona njia ya udongo futa, rudia dawa sehemu hiyo tu, kaza skrubu za bawaba zilizolegea na urudishe vitu vyako.